Kurudia Uganda kuangalia watoto uliofundisha: mambo ya kujua mbele ya kuvuka Kasindi

Vakansi kubwa ikikaribia, kuna walimu na vijana wa Beni na Butembo wanaoanza kuhesabu pesa ya njia ya Kasindi. Hawaendi kuchukua bidhaa. Wanaenda kuangalia watoto: wale waliowasaidia darasani wakati wote pamoja walikuwa wakimbizi Uganda. Mwalimu alirudia nyumbani, mtoto akabaki. Sasa imepita miaka 4, 5, wakati mwingine zaidi, na mwalimu anataka kuenda tena, kwa pesa yake mwenyewe, bila shirika lolote nyuma yake.

Nia ni nzuri. Lakini safari ya namna hii inaweza kumfurahisha mtoto, na inaweza pia kumuumiza. Tofauti inatoka kwa mambo madogo ambayo mtu anapaswa kuyatengeneza kabla ya kutoka nyumbani, na zaidi kwa yale atakayosema siku ya kuaga.

Watoto hao walifika kule namna gani?

Tarehe 11 mwezi wa 7, 2013, waasi wa ADF walishambulia Kamango, katika sheferi ya Watalinga, eneo la Beni. Kwa siku chache tu, watu zaidi ya elfu 60 walivuka na kuingia Bundibugyo, Uganda. Walipokelewa kwenye kituo cha Bubukwanga. Wengi walirudia kwao kisha, lakini wengine walipelekwa Kyangwali, upande wa ziwa Albert, na kupewa kipande cha udongo wa kujenga na kulima.

Mwaka uliofuata, mwezi wa 10, 2014, mauaji yakaanza Beni na kandokando yake. Tangu pale raia wanauawa kwa panga na kwa risasi, mashambani na ndani ya manyumba, na familia zinaendelea kukimbia. Kati ya tarehe 1 mwezi wa 8, 2018 na tarehe 25 mwezi wa 6, 2020, Ebola ikaongezeka juu ya vita, na ikaua watu zaidi ya 2,200. Mwaka wa 2024 vita ya M23 ikafika Kanyabayonga, kusini mwa Lubero, na wengine tena wakahama.

Leo Uganda inapokea wakimbizi Wakongomani zaidi ya nusu milioni. Wengi wanakaa Kyangwali, Kyaka II katika wilaya ya Kyegegwa, Rwamwanja katika wilaya ya Kamwenge, na Nakivale katika wilaya ya Isingiro.

Kuna pia watoto wengine ambao si wakimbizi. Wazazi wao, wengi wafanyabiashara wa Butembo, waliwatuma internati upande wa Kasese ao Kampala ili wajue Kingereza. Kwa Munande, Kasese si ugeni kabisa: Wakonzo wa ng'ambo ya mto Lubiriha ni ndugu, na ukisema "wasingya" wanasikia kwamba umeshukuru. Lakini ukiingia ndani zaidi, mpaka Kyegegwa ao Isingiro, luga inabadilika na undugu huo hauonekani tena.

Mtu wa kujitolea alikuwa anafanya kazi gani?

Masomo ya Uganda hayafanani na ya kwetu. Kule shule ya msingi ni miaka 7, kwetu ni 6. Kule madarasa 3 ya kwanza yanafundishwa kwa luga ya mahali, na kuanzia darasa la 4 ni Kingereza. Mtoto aliyetoka Oicha na Kifaransa chake cha darasa la 5 alikuwa anakuta luga mbili mpya kwa mara moja. Wengi walirudishwa chini, wakaketi na watoto wadogo kwao kwa miaka 3 ao 4. Haikuwa sababu ya akili. Ni luga tu.

Hapo ndipo mkimbizi aliyesoma alikuwa na kazi. Alikaa kando ya mwalimu Muganda, akieleza somo kwa Kiswahili ao Kinande, akituliza wanaolia, akienda kwa wazazi kuuliza juu ya nini mtoto hakuja. Wengine walipewa kitu kidogo na mashirika, wengine hawakupewa kitu. Hata mwalimu mwenye D6 na miaka mingi ya kazi hakuweza kuandikwa kama mwalimu wa serikali, sababu diplome ya Kongo inapaswa kwanza kulinganishwa na ile ya Uganda, na mambo hayo yanaomba pesa na makaratasi ambayo mtu aliyekimbia usiku hana. Basi alibaki "msaidizi". Lakini kwa mtoto alikuwa ndiye mwalimu, sababu ndiye alikuwa anasikia luga yake.

Kisha msaidizi huyo akarudia Beni ao Butembo. Mmoja sababu ya mzazi mgonjwa, mwingine sababu ya shamba, mwingine alipata kazi. Siku ya kuondoka, kwa kutotaka kuona machozi, wengi wanasema neno moja rahisi: "Nitarudia." Mtoto analichukua neno hilo kama deni.

Juu ya nini jambo hili ni zito kwa mtoto?

Mtoto aliyekimbia amekwisha kupoteza nyumba, marafiki, wakati mwingine baba ao mama. Kila mtu mkubwa anayemkaribia, kisha akapotea bila maneno ya wazi, anaongeza jeraha lile lile. Polepole mtoto anajifunza kwamba watu wakubwa ni watu wa kupita. Anaweza kuanza kushikamana na kila mgeni anayefika, ao kinyume chake, kukataa kumpenda mtu yeyote.

Jambo hili si la Kongo peke yake. Wakati wa Zaire, tangu 1970, vijana wa Marekani wa Peace Corps walikuja kujitolea, wengine wakafundisha kwenye masomo ya sekondari. Mwezi wa 9, 1991, askari walipoanza kupora Kinshasa, waliondolewa inchini kwa haraka, mwaka wa masomo ukiwa ndiyo unaanza. Madarasa waliyokuwa wanashika yakabaki bila mwalimu, na programu ikafungwa.

Huko Cambodia na Nepal ilikuwa vibaya zaidi. Wageni wengi walitaka kutembelea watoto wa yatima kwa wiki moja ao mbili, na nyumba za yatima zikaongezeka ili kuwapokea. Ilikuja kuonekana kwamba watoto wengi waliowekwa mule walikuwa na mzazi hai. Wageni walikuja na moyo mwema, lakini ziara zao ndizo zilizofanya watoto waondolewe kwa wazazi.

Mwalimu wa Butembo anayerudia Kyaka II hafanani na mtalii. Anajulikana, anajua majina, anajua kilichowakimbiza watoto hao, sababu naye kilimkimbiza. Ndiyo maana ziara yake inaweza kuwa dawa: inamwonyesha mtoto kwamba kuna mtu aliyeondoka na hakumsahau. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, akikosea, kosa lake linaumiza kupita la mgeni asiyejulikana.

Utakuta nini baada ya miaka?

Jambo la kwanza: utatafuta mtoto mdogo na utakuta kijana. Aliyekuwa na miaka 8 mwaka wa 2019 alifikisha 14 mwaka wa 2025. Pengine hatakutambua palepale. Pengine atakutambua na atakaa mbali akiona haya. Usimlazimishe, na usiseme mbele ya wenzake namna alivyokuwa analia ao kukojoa kitandani. Kwako ni kumbukumbu, kwake ni aibu.

Jambo la pili: usishangae ukimkuta nyuma kimasomo. Sababu ya COVID, masomo ya Uganda yalifungwa mwezi wa 3, 2020, na yakafunguliwa kabisa tarehe 10 mwezi wa 1, 2022. Ni karibu miaka 2, na ni kati ya mafungo marefu kupita yote duniani. Watoto wa mjini wengine walisoma kwa redio na kwa simu. Mtoto wa kampi mara nyingi alikuwa shambani. Ukimuuliza "Ungali darasa la 5?" kwa sauti ya kushangaa, umemhukumu kwa jambo ambalo si kosa lake.

Jambo la tatu: luga. Utamsikia akisema Kingereza na Kinyoro ao Kinyankole, na Kifaransa kimepotea. Usimfanyie mtihani. Kiswahili kingali kinawaunganisha, basi mzungumze Kiswahili.

Jambo la nne ndilo gumu: wengine hautawakuta. Mmoja amehamia kampi ingine, mwingine amerudia Kongo na jamaa yake, msichana mmoja ameolewa mbele ya wakati, mwingine ameacha masomo kwa kukosa minervali. Wale waliobaki watakuambia. Sikiliza tu. Hautaweza kutengeneza yote hayo katika siku tatu.

Njia, makaratasi na kalenda

Kalenda inasaidia watu wa huku. Mwaka wa masomo wa Kongo unaisha mwanzo wa mwezi wa 7, lakini Uganda mwaka unaanza mwezi wa 2 na kuisha mwezi wa 12, kwa mihula 3. Muhula wa pili unaendelea mpaka mwezi wa 8. Basi mwalimu wa Butembo akiwa vakansi, mtoto wa Kyaka II angali darasani. Mwezi wa 7 ndio wakati mzuri. Ukingoja mwisho wa mwezi wa 8 unaweza kukuta shule imefungwa.

Internati nyingi za Uganda zina siku maalum ya wazazi kutembelea watoto. Uliza tarehe kabla. Mgeni anayefika siku ingine anaweza kurudishwa kwenye lango, hata kama ametoka mbali.

Kutoka Butembo kufika Beni ni kilometa 54, na kutoka Beni kufika Kasindi ni karibu kilometa 80. Ni barabara zile ambazo Kongo na Uganda walikubaliana kuzitengeneza pamoja, kazi iliyozinduliwa Mpondwe mwezi wa 6, 2021. Uliza hali ya usalama siku ile ile ya safari, usitumainie habari ya jana. Kumbuka pia saa: Kasindi ikiwa saa 2 ya asubuhi, Mpondwe ni saa 3. Anayesahau hilo anakuta biro zimefungwa.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, lakini hiyo haimaanishi kwamba makaratasi yameisha. Karatasi ndogo ambayo wakaaji wa mpaka wanatumia kwa kuenda soko la Mpondwe na kurudia haikufanywa kwa safari ya kufika Kyegegwa ao Isingiro. Uliza DGM mapema karatasi gani inaombwa na bei yake halali, ili usibishane kwenye bariere.

Kama wewe mwenyewe ulikuwa mkimbizi ulioandikwa Uganda, na sasa umerudia kukaa nyumbani, usitumie karte yako ya zamani. Ingia kama mgeni. Karte hiyo ilikuwa ya ulinzi na ya msaada, na kuitumia tena kunaweza kukuletea shida, na kuleta mashaka juu ya wale waliobaki.

Mwishoni, kampi za wakimbizi Uganda ziko chini ya ofisi ya Waziri Mkuu, ile watu wanaita OPM. Kila kampi ina kamanda wake wa kiraia. Mgeni anayetaka kuingia shuleni anaomba ruhusa pale kwanza. Kupita kwa kichochoro sababu "mimi nilikuwa nakaa hapa" si vizuri, hata kama kila mtu anakujua.

Juu ya nini watakuangalia sana kwenye lango

Usiku wa tarehe 16 mwezi wa 6, 2023, ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, karibu kabisa na mpaka wetu. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini. Wengine walichukuliwa. Washambuliaji walikuwa wametoka upande wa Kongo.

Kwa hiyo mlinzi akikuuliza mara tatu unatoka wapi, usikasirike. Anafanya kazi ambayo ungependa ifanywe kwa mtoto wako. Toa jina lako, jina la mkubwa wa shule uliyezungumza naye kwa simu, na majina ya watoto unaotaka kuona. Onana nao mahali pa wazi, mwalimu mwingine akiwa karibu. Usimtoe mtoto nje ya shule hata kwa kununua soda, na usifikiri hata kidogo kumvusha mpaka "aende kusalimia bibi" bila jamaa yake na wakubwa wa mahali kukubali kwa maandishi.

Picha pia. Sheria ya Uganda ya 2019 juu ya ulinzi wa habari za mtu inaomba ruhusa ya mzazi ao mlezi kabla ya kuchukua na kutumia habari za mtoto, na picha ni mojawapo. Kuna sababu ingine ambayo kila mtu wa Beni anaielewa: familia fulani zilikimbia watu wanaozitafuta. Picha moja kwenye WhatsApp, na jina la shule nyuma, inatosha kuonyesha mahali walipo.

Mtoto akiuliza habari ya nyumbani

Swali litakuja: "Nyumba yetu ingali?" "Umeona mjomba?" Na pengine wewe unajua. Unajua kwamba kijiji kilichomwa, ao kwamba mjomba alizikwa mwaka uliopita.

Usiwe wa kwanza kumwambia mtoto kifo uwanjani, katikati ya wenzake, kisha ukapanda mototaksi. Habari ya namna hiyo inapita kwa mtu anayelala naye nyumba moja. Mwone kwanza mlezi, mwambie unachojua kwa hakika, acha yeye achague wakati. Atakuwa pale usiku, mtoto akishindwa kulala. Wewe hautakuwa.

Lakini usidanganye pia. Mtoto akikuuliza sana, jibu zuri ni la wazi: "Kuna habari nilizompa mama mkubwa. Mtazungumza pamoja leo." Kama hauna hakika, sema hauna hakika. Kuna mtoto anayeweza kushikilia neno "anaishi" kwa miaka.

Na kama mtoto amepotezana na wazazi, usianze kutafuta peke yako kwa kutembeza jina lake. Msalaba Mwekundu wa Kongo, ule wa Uganda, na CICR wana kazi ya kutafuta jamaa waliopotezana na kupeleka ujumbe kati yao. Ni ya bure. Unaweza kumpeleka mlezi kwenye biro yao, na ukirudia huku, ukawaelekeza wazazi kwenye biro ya upande huu.

Ulete nini?

Madarasa mengi ya kampi yana watoto zaidi ya 100. Ukifika na biki 30, umefurahisha 30 na kuumiza 70. Afadhali kupiga simu kwa mkubwa wa shule na kuuliza kinachokosekana, kisha kumpa yeye mbele ya walimu: kaye, chaki, mpira. Kama pesa ni ya njia tu, nenda na mikono mitupu. Unaweza kushika daftari na kueleza hesabu kwa Kiswahili asubuhi moja, kama zamani. Kwa watoto hao hiyo ni zawadi kubwa. Unaweza pia kumsalimia mwalimu Muganda aliyebaki na watoto wakati wewe uliondoka, na kumshukuru mbele yao.

Usimpe mtoto mmoja pesa kwa siri. Mlezi atauliza imetoka wapi, na wenzake watauliza kwa nini si wao.

Siku ya kuaga

Ni hapa watu wengi wanakosea kwa mara ya pili. Mtoto anashika mkono, anauliza: "Utarudia lini?" Mdomo unataka kusema: "Noeli." Usiseme, kama hauna pesa ya Noeli mkononi. Barabara inaweza kufungwa, ugonjwa unaweza kuzuka, vita inaweza kusogea. Mtoto hatajua hayo yote. Atajua tu kwamba Noeli imepita.

Mwambie tangu siku ya kwanza utakaa siku ngapi. Siku ya mwisho umrudilie: "Leo naondoka. Sijui kama nitaweza kurudia. Nikiweza, nitamwambia kwanza mkubwa wa shule." Kama uliahidi mwaka ule na haukurudia, omba radhi. Mtu mkubwa kuomba mtoto radhi si aibu. Kwa watoto wengi waliokimbia, itakuwa mara ya kwanza.

Na anayeona kwamba hataweza kuenda, asipotee tu. Anaweza kutuma sauti yake kwa simu ya mlezi, dakika 2, akataja majina ya watoto mmoja mmoja. Anayetaka kuenda mwezi wa 7 aanze kuuliza DGM na kumpigia mkubwa wa shule mwezi wa 5, na wale watoto wasiambiwe kitu mpaka karatasi zipatikane.